Kitenge Juu ya Valizi

Juzijuzi binti yangu mdogo aliniuliza kama rafiki yake wa kiume anaweza kulala kwenye kochi letu siku theluji ikizidi. Aliuliza mchana kweupe, mbele ya baba yake, huku anatafuna mkate. Baba yake akanitazama mimi, maana katika nyumba hii mwenye kutunga sheria ni mimi. Nikachukua sahani nikaenda kuiosha, na sahani yenyewe ilikuwa safi. Wamama wa kanisani wananijua, mdomo wangu haukosi neno. Siku hiyo nilisugua sahani nikasugua tena, mpaka mtoto akachoka kusubiri akaenda zake chumbani.

Sababu ni dada yake.

Wakati ule dada yake alikuwa darasa la mwisho la sekondari, ametoka kutimiza miaka kumi na minane. Tulikuwa tunakaa hapa hapa Columbia Heights, mimi nafua shuka za hospitali moja upande wa Coon Rapids, baba yao yuko kiwanda cha mikate. Mtoto akapata kijana, Mzungu, wa darasa lake. Kijana wa adabu, sitamsingizia. Alikuwa anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na ugali aliula kwa uma lakini aliumaliza.

Basi Jumapili moja baada ya ibada tukamweka binti chini. Nikasema: huyo kijana aje, ale, azungumze sebuleni, saa mbili ikifika arudi kwao. Kulala hapa, hapana. Na wewe kulala kwao, hapana kabisa. Ukilala kwao usiku mmoja tu, umeolewa.

Akacheka. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba huku mtu haolewi kwa kulala. Nikamwambia, "Cheka tu, mama. Cheka."

Sikuwa namtisha, jamani. Nilikuwa namweleza kama unavyomweleza mtoto kwamba moto unaunguza. Kwetu, kwenye milima ya Fizi, dada yangu mkubwa alilala kwa kijana siku moja tu. Mama yetu hakupiga kelele. Alipanga nguo zake zote kwenye valizi, hakuacha hata leso, na juu kabisa akatandika kitenge kipya. Akamtuma shangazi aipeleke kule alikolala. Kile kitenge ndicho kilichokuwa maneno yenyewe: mtoto huyu ana watu, hatujamtupa, njooni tuzungumze. Siku ya tatu wazee wa kijana wakaja na mbuzi, wakaomba msamaha, mahari ikajadiliwa. Dada yangu mpaka leo ana heshima yake. Msichana wa kuonewa huruma alikuwa yule ambaye wazazi wake hawakupeleka valizi. Huyo ndiye aliyetupwa.

Haya. Ikafika Ijumaa moja ya mwezi wa pili. Theluji ilianza adhuhuri, na binti alikuwa amekwenda kwa kina kijana baada ya shule, ati wanamalizia kazi ya somo. Mimi niko kazini. Mapumziko ya jioni nafungua simu, nakuta ujumbe: barabara ni mbaya, mama wa kijana amesema nilale hapa, usijali. Usijali! Nikapiga, simu haishiki. Nikapiga tena. Mwenzangu wa kufua akaniuliza kama kuna msiba, nikamwambia bado sijajua.

Asubuhi saa nne gari likasimama chini ya jengo letu. Mama wa kijana mwenyewe ndiye aliyemleta, akanipungia mkono dirishani, anatabasamu. Mimi nikasimama pale juu kama mlingoti. Yesu wangu, nilijiambia, mbona huyu mama anacheka? Amemlaza mtoto wa watu nyumbani mwake na bado anapunga mkono.

Binti akaingia, anaanza kueleza kwamba alilala chumba cha dada wa yule kijana, peke yake. Nilimwamini. Nasema kweli, nilimwamini. Lakini jambo halikuwa alilala chumba gani. Alilala kwao, watu wamemwona asubuhi anashuka kwenye gari lao, na watu wa kanisani kabla ya mchana watajua. Nikatoa valizi chini ya kitanda.

Baba yao akaniambia taratibu, "Mama, hapa siyo Fizi." Nikamjibu, "Na mtoto je, siyo wa Fizi?" Akarudi kukaa. Mume wangu ni mtu mpole, na upole wake ndio ulioniponza, maana siku ile nilihitaji mtu wa kunishika mkono.

Nilipanga vizuri. Nguo zote, viatu, mafuta yake ya nywele, Biblia, cheti cha kuzaliwa tulichopewa kambi ya wakimbizi, hata picha yake ya utoto. Ndivyo inavyotakiwa, huachi kitu, kusudi wenzako wasiseme umempeleka mtoto nusu. Na juu kabisa nikatandika kitenge changu kipya, cha rangi ya machungwa, nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya Pasaka. Binti alisimama mlangoni ananitazama. Alikuwa analia bila sauti. Nikadhani analia kama wasichana wanavyolia siku hiyo, na kwetu ni vizuri kulia.

Nikamrudisha kwa kina kijana mimi mwenyewe, kule kule Coon Rapids ninakofanya kazi. Mama wa kijana akafungua mlango, tabasamu likampotea alipoona valizi. Nikasimama wima, nikasema kwa Kiswahili yale maneno ambayo shangazi yangu alisema: "Mtoto amelala kwenu. Sisi ni watu, hatuna ugomvi. Tunawasubiri nyumbani." Nikamwambia binti atafsiri. Maana Kiingereza changu mimi ni cha kuhesabu shuka, na mambo yetu yote, ya daktari, ya shule, ya mwenye nyumba, yeye ndiye aliyekuwa anayasema tangu ana miaka tisa. Siku hiyo hakufungua kinywa. Akachukua valizi akapita ndani. Mimi nikamwinamia yule mama kwa heshima, nikaondoka.

Siku ya tatu iliangukia Jumatatu, nikajua hawatakuja, watu wana kazi. Nikawatarajia Jumamosi. Nikanunua kuku wanne na kreti mbili za soda, nikaazima viti vinane vya kanisa, nikavipanga ukutani. Baba yao akavaa koti lake la harusi. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Kila gari likipita naenda dirishani. Wali ukapoa. Nikasema Wazungu wana mambo mengi, labda ni wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikapika tena, na baba yao akavaa koti tena, mpaka nikamwonea huruma.

Binti hakunipigia. Mimi pia sikumpigia, na hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Kwetu bi harusi hapigii mama yake kabla wazee hawajaja, na valizi ikishafika, upande wa msichana haujongei tena mlango wa mwanamume. Ukijongea umejishusha, umemshusha na mtoto. Alimwandikia baba yake tu: mwambie mama niko salama. Nikasema, unaona, mambo yanakwenda sawa. Ile nyumba ilikuwa mwendo wa dakika saba kutoka hospitalini kwangu. Kila siku nikitoka kazini napita kwenye njia panda ya kwao, naona paa, naona moshi, nakaza macho mbele. Moyo unaniuma, mguu unakanyaga mafuta. Ebo, heshima gani ile!

Wiki saba zikapita hivyo.

Halafu simu ikaita kazini. Ilikuwa ofisi ya shule, pamoja na mkalimani, mwanamke mwenye Kiswahili safi cha Tanzania. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akasema shule inataka kuhakikisha anwani ya mtoto, kwa sababu kwenye fomu ya kuombea chuo ameandika kwamba hana nyumba ya wazazi, amefukuzwa.

"Nani kamfukuza?" nikauliza.

Mkalimani akawauliza kwa Kiingereza, akarudi kwangu. "Mama, wanasema ni wewe."

Niliacha shuka kwenye mashine. Sikuaga mtu. Kwenye ile njia panda nikakata kona kwa mara ya kwanza, na sikumbuki kama nilizima gari.

Mama wa kijana alinifungulia. Jambo la kwanza nililoliona ni kitenge changu. Kilikuwa kimetandikwa juu ya kochi lao, kimenyooshwa vizuri, paka amelalia. Yule mama akaona ninakitazama, akashika kifua, akanishukuru kwa ile zawadi. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga yowe. Wala hawakuwa wabaya. Walikuwa wamempa mtoto wangu chumba, wamekipaka rangi aliyoichagua, wamempa na zamu yake ya kuosha vyombo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walimchukua kama watu wanavyochukua mtoto aliyekosa kwao.

Binti akashuka ngazi. Amekonda. Tukakaa mezani kwa watu, nikamweleza yote: dada yangu, shangazi, wazee, mbuzi, kitenge. Nikamwambia kuhusu viti vinane na koti la baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Ulinipakia hata picha yangu ya utoto," akasema kwa Kiingereza. "Niliangalia kule chini ya nguo. Hukubakiza kitu changu hata kimoja. Kila siku nilikuwa nakaa dirishani saa unapotoka kazini. Niliona gari lako likipita. Kila siku, mama."

Nikasema ndivyo desturi ilivyo, haya mambo mtu haambiwi, anayajua tu.

"Ningeyajulia wapi?" akaniuliza.

Alizaliwa kambini Kigoma. Alipanda ndege ana miaka saba. Milima ya Fizi hajaiona hata siku moja, na mimi ndiye niliyempeleka huko kwa valizi. Nililia pale pale mbele ya yule mama wa watu, akaniletea maji na karatasi za kufutia.

Nilimwomba turudi. Alisema hapana, atamaliza shule hapo, asihamehame tena. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, ningependa anitukane. Akamaliza shule, akaenda chuo, akapanga chumba chake Saint Paul. Yeye na kijana waliachana kiangazi kile kile, kwa amani. Yule kijana hajui mpaka leo kwamba kwa wiki saba nilimhesabu kuwa mkwe wangu.

Anakuja kutuona. Analeta matunda, anamsaidia mdogo wake hesabu, ananitania kwamba nimezeeka. Anasema na mimi vizuri. Mtu akituona atasema mbona hakuna kitu.

Jumamosi iliyopita, siku mbili baada ya lile swali la kochi, alikuja kula mchana. Theluji ikaanza, nzito, ile isiyotaka mchezo. Mdogo wake alikuwa ananitazama, nadhani anasubiri jibu lake. Dada yake akaenda dirishani, akaangalia gari lake linavyofunikwa, akarudi, akasimama mbele yangu na mikono pamoja. Yeye ambaye miaka yote ananijibu kwa Kiingereza, akachagua maneno ya Kiswahili moja moja, kwa adabu yote, kama mtu aliye kwenye nyumba ya wengine.

"Samahani, mama. Naomba kulala hapa leo, kama haitakusumbua."

Baba yake akageuza uso. Nikamwambia alale. Nikaenda kumtandikia kitanda chake, nikakuta kwamba tangu siku ile ya valizi hakikuwa na shuka.