Nilimwambia Ndugu Yangu Dawa Yake ni Unga, Akarudi kwa Chupa

Admin, ficha jina langu na la shule yangu. Niko na miaka hamsini na mbili, ni mwalimu wa historia hapa Kitengela, na nina watoto watatu. Wanaonijua wananijua kwa mdomo na kalamu. Nimepigana na wauza viwanja, nimepigana na wachungaji wanaouza maji ya baraka, na diwani wetu alinitoa kwenye grupu ya WhatsApp ya wadi. Ninasoma sana, na nikianza kubishana siachi mpaka mtu anyamaze. Leo naandika kwa sababu ya mtu niliyemnyamazisha.

Ni mdogo wangu, nitamwita Musa. Yeye ni dalali wa mbuzi kwenye soko la Bisil na amepanga nyumba Kajiado mjini. Mkewe alipofariki miaka mitatu iliyopita alianza kunywa asubuhi kabla ya chai. Huzuni ikamkalia, akawa hanyoi, hapokei simu, hasemi na mtu. Mwaka huu akasikia kuna watafiti wanaojaribu dawa mpya ya kupunguza hamu ya pombe na kuinua moyo. Akajiandikisha bila kuniambia, maana alijua nitasema nini. Lakini walipomwomba nambari ya ndugu wa kupigiwa, aliandika yangu.

Waliponipigia kuhakikisha nambari nikajua, na nilisema. Niliandika kwenye kila grupu kwamba watu wetu si panya wa maabara. Musa alinieleza kwa upole kwamba alisomewa kila kitu kabla ya kutia sahihi. Nusu yao wanapewa dawa, nusu wanapewa kapsuli inayofanana nayo kabisa ila haina dawa, na hakuna anayejua yuko kundi gani, hata muuguzi anayewapa. Mimi nilisikia maneno mawili tu: haina dawa.

Wiki ya tisa ya kumeza dawa hiyo alikuja kwangu Jumapili kula chakula cha mchana. Alikuwa amenyoa. Alileta tikiti maji. Alimtania mke wangu kwamba huyu kuku amekufa kwa uzee, si kwa kisu, na nyumba nzima ikacheka, kwa sababu hatukuwa tumesikia mzaha wa Musa tangu mazishi. Wiki tisa hakuwa ameonja pombe. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu na kupakua mchuzi.

Aliacha chupa ya dawa kando ya sahani akaenda kunawa. Nilitoa kapsuli mbili, nikazifungua kwenye kisosi, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Hazikuwa chungu. Aliporudi nilimsukumia kile kisosi mbele ya watoto wangu.

"Musa, wiki tisa umekuwa ukimeza unga mtupu, si dawa. Wanakufanya mjinga na wewe unawashukuru."

Alikitazama kisosi. Akacheka kidogo, akasema, "Kumbe, Mwalimu." Basi. Mimi nilidhani nimeshinda.

Hakumeza dawa siku hiyo wala kesho yake. Ijumaa dalali mwenzake alinipigia kutoka Bisil kwamba Musa amelala kando ya zizi la soko, amelewa chakari, na mbuzi wa watu wametawanyika mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata akanipigia muuguzi. Kule kwa watafiti lazima urudishe chupa wahesabu kapsuli zilizobaki, na mbili hazikujulikana zilikoenda. Musa alikuwa amewaambia zilimwangukia chooni. Muuguzi akaniuliza kama najua lolote. Nikasema sijui. Halafu, kwa ule ujeuri wangu, nikamuuliza kwa nini wanawapa watu unga.

"Mwalimu, hata mimi sijui Musa anameza gani," akasema. "Na zimetengenezwa zisijulikane hata kwa ulimi. Ninachojua ni kwamba alikuwa anafika hapa kabla hatujafungua mlango."

Kama ilikuwa dawa, nilimnyang'anya dawa. Kama ilikuwa kapsuli tupu, basi aliyeacha pombe wiki tisa ni Musa mwenyewe, kwa nguvu zake, na mimi nilimwambia mbele ya watoto kwamba hakufanya kitu. Sijui lipi ni baya zaidi. Siombi radhi kwa kuwauliza watafiti maswali. Wanapaswa kuulizwa na nitaendelea kuwauliza. Kosa langu ni kwamba siku ile sikuuliza. Nilionja nikahukumu.

Tangu arudishe ile chupa hajaenda kuchukua nyingine. Wamemwekea nafasi yake mpaka Alhamisi, asipofika wanamtoa. Jana nilienda Kajiado. Alikuwa hajanywa. Alinitilia chai juu ya kitambaa ambacho marehemu mkewe alikifuma. Akaniuliza bila hasira, "Mwalimu, wewe husoma sana. Ulijua kweli ni unga?"

Nikamwambia tutaongea. Nikachukua kofia nikaondoka.

Msiniandikie pole, sistahili. Nataka shauri lenu. Nimwambie Musa peke yake, aende na ule uongo wa choo alioutunga kunifichia? Au twende wote Alhamisi, niseme mbele ya muuguzi kwamba ni mimi, hata kama watamtoa kwa kuwadanganya? Na nikishakaa mbele ya ndugu yangu, mtu husemaje "sikujua" baada ya kujifanya anajua maisha yake yote?