Ijumaa Tuliyovuka Wikio

Jumatatu, Aprili 1975, Moroni. Mvua za kaskazi zilikuwa zinaaga, ila asubuhi ile zilirudi kana kwamba zimesahau kitu. Nilifika ofisini viatu mkononi na shiromani langu, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, limenigandia mwilini. Ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi ya kutembeza wageni.

Mniwie radhi mapema. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na sina hakika kama yanayofuata yamepangika. Nayaandika kwa ajili yenu vijana mnaoongoza watalii siku hizi, simu mkononi. Mwenye kumbukumbu iliyo bora kuliko yangu anisahihishe.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na bandari, mkabala na Msikiti wa Ijumaa wa zamani, ule mweupe wenye matao. Mkuu wa Ofisi alikuwa mtu mzima wa Moroni, tai shingoni hata mvuani. Alinitazama nikichuruzika maji.

"Wewe ndiye Echati wa Mutsamudu?"

"Ndimi, mzee."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Vizuri. Asiyeogopa hudanganya wageni. Haya, nisimulie habari za msikiti ule."

Nikaanza kusema kuwa ni wa zamani, ni mweupe, ni mzuri. Akanyanyua mkono. "Weupe wanauona wenyewe. Waambie wasichokiona."

Maneno hayo nimeyabeba kazini maisha yangu yote. Nikajifunza mzunguko, yaani njia nzima ya matembezi tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Nikajifunza kuwa mgeni husimama kivulini na kiongozi ndiye anayesimama juani. Nyumba ya mtu haisontwi kidole, huonyeshwa kwa kiganja. Tena kila kundi lazima liwe na wa kushika mkia, mtu wa kutembea mwisho kabisa, maana vichochoro vyetu humeza watu. Nilikuwa nikikaa mtaa wa Magoudjou kwa binamu yangu, na jioni nilimshikisha mkia yeye, nikimzungusha uani na kumweleza kuku wake. Alichoka kabla yangu.

Ikoni, mji wa pwani karibu na Moroni, nilipelekwa kusikiliza. Mama mmoja alitusimamisha chini ya jabali walipojirusha wanawake wa zamani, wasije wakachukuliwa utumwani na wavamizi kutoka Bukini, ndiyo Madagaska. Alisema sentensi tatu, akanyamaza. Wageni walilia. Mimi ningesema thelathini, nao wangepiga miayo.

Julai ile tukapata uhuru. Jamani, furaha ile! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka siku mbili. Haukupita muda mrefu, serikali ikapinduliwa, Wafaransa wakaondoka na watalii wao, na Mkuu wa Ofisi akawa anakaa dirishani akihesabu mbuzi wa bandarini. Mwaka uliofuata akaniita. "Nenda kwenu. Mji wenu ni mzuri kuliko huu, ila usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyesema."

Basi nikarudi kisiwani kwetu, Mutsamudu. Mzunguko nikaupanga mwenyewe: naanzia mtoni, wanakofulia kina mama, napita Ujumbe, jumba la kale la masultani lenye dari za kuchongwa, napanda ngazi mpaka ngomeni kwenye mizinga, kisha nashuka vichochoroni. Kituo changu cha mwisho kilikuwa nyumbani kwetu, na hapo ndipo penye kisa.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, na binti humwachia bintiye. Bibi yangu aliacha nyumba mbili zinazotazamana, moja ya mama yangu na moja ya mdogo wake, niliyekuwa nikimwita Mama Mdogo. Kati yazo, juu ya kichochoro, pana wikio. Wikio ni daraja lililojengewa kuta na paa, linalotoka ghorofa ya nyumba hii mpaka ghorofa ya nyumba ile, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Zamani mwanamke wa Mutsamudu aliweza kupita nusu ya mtaa asikanyage chini. Hicho ndicho wageni wasichokiona.

Kumbe hata mimi sikuweza kuwaonyesha. Mlango wa upande wa Mama Mdogo ulikuwa umetiwa komeo tangu nikiwa msichana. Katika harusi kubwa ya mama yangu, ile ya desturi ambayo kwetu hufanywa hata miaka mingi baada ya ndoa, sinia ya chakula cha heshima ilitangulia kwa jirani badala ya kwenda kwa mdogo wake. Mama anasema mbebaji alikosea nyumba. Mama Mdogo anasema mbebaji hakukosea. Mimi sikuwapo sinia ilipotolewa, siwezi kuhukumu. Wageni wangu walifika katikati ya wikio, wakagusa mlango uliofungwa, wakageuka.

Ulipofika mwaka wa 1977, Mongozi, ndivyo tulivyomwita rais wa mapinduzi, alikuwa amewarudisha nyumbani wafanyakazi wa serikali, nami nikiwamo. Mji ukawa mikononi mwa Kamati ya vijana. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa kijana wa mtaa wetu, mwembamba, mwenye kofia isiyomtosha. Wengi walimchukia. Nisimwonee: alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Walikuwa wakijenga mudiria, ofisi ya serikali ya wilaya, na kwa kweli ilihitajika, kwani mtu alisafiri kutwa nzima kutafuta cheti cha kuzaliwa. Ila walikosa mawe.

Siku hiyo alinikuta kichochoroni, akatazama juu.

"Dada Echati, wikio hili anapita nani?"

"Watu."

"Nitajie mmoja."

Nikakosa jina.

"Unaona? Korido ya jela hii. Mmefungiwa humo tangu enzi za masultani, na sasa hata wafungwa wamelisusa. Ijumaa nitasimama hapa chini. Nikiona mtu ametoka nyumba hii akaingia ile, nitalihesabu kuwa njia. Nisipoona, mawe yake yanakwenda mudiria."

Usingizi ukanihama. Na la kuniudhi zaidi, sikuwa na uhakika kama amekosea. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu mimi mwenyewe nililichukia wikio, nikitazama kupitia tundu la ukuta wake wavulana wakienda kuogelea. Lakini likivunjwa, nani angejua kuwa tulikuwa na mji wetu juu ya mji wa wanaume, tukicheka humo?

Nikamwendea mama. "Wavunje!" akasema. "Jua liingie, nianike nguo." Kisha akaketi akitazama ukuta, na wali ukaungua.

Nikashuka, nikazunguka njia ya chini, nikamgongea Mama Mdogo.

"Mama Mdogo, fungua komeo mara moja tu."

"Mlango ule sikuufunga mimi, mwanangu. Ulifungwa na sinia."

"Watalivunja!"

"Mama yako ana mdomo. Amekutuma?"

"Hakunituma."

"Basi hujaja," akasema, akafunga.

Wiki hiyohiyo Kamati ilinipa kazi. Ndugu zetu waliofukuzwa Mahajanga, mji wa Bukini, walionusurika mauaji ya kule, walikuwa wameletwa, na baadhi yao waliwekwa Mirontsy, mji wa jirani tunaoshindana nao tangu zamani. Wengi walizaliwa Bukini na hawajawahi kuiona nchi hii wanayoambiwa ni kwao. Mwenyekiti aliniambia, "Watembeze wanawake. Waonyeshe kwao." Nikachagua Ijumaa saa ya sala, maana wanaume, isipokuwa vijana wa Kamati, huwa msikitini na vichochoro hubaki vyetu.

Nawaambieni, sijawahi kutembeza kundi kama lile. Watalii huuliza, "Hii ni ya mwaka gani?" Wale waliuliza, "Hii ni yetu?" Mtoni walichota maji wakanawa uso. Ujumbe walipapasa milango kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake aliyepotea. Kiongozi wao alikuwa Mama Fatuma, mjane mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyeuza maandazi Mahajanga miaka mingi.

Ngomeni nikakwama. Mizinga ile iliwekwa kuwazuia wavamizi wa kutoka Bukini, nami nitawaambiaje hayo watu hawa? Nikayasema kama yalivyo, kwa sauti ndogo. Msichana mmoja akauliza, "Mama yangu ni Mmalagasi. Mimi nisimame upande gani wa mzinga?"

Mama Fatuma ndiye aliyejibu: "Simama upande wenye kivuli, mwanangu, usitusumbue." Tukacheka sote, yule msichana akacheka kuliko sote, kisha akafuta macho.

Hapo nikaona si haki kuwavusha wikioni watu waliopoteza kila kitu, ili wamalize ugomvi wa nyumbani kwetu, bila kuwaambia. Nikamweleza Mama Fatuma yote: sinia, komeo, mawe.

"Mwenyekiti anasimama chini saa ngapi?"

"Atakuwa ameshafika."

"Basi tushuke haraka! Mimi nimefungiwa milango ya Mahajanga nzima, nitamwogopa bibi mmoja?"

Tukashuka mbiombio. Mama alitupokea mlangoni amevaa shiromani jipya, eti kwa heshima ya wageni. Tukapanda, tukaingia wikioni kwa msururu, giza, harufu ya chokaa, na kupitia tundu nikaiona kofia ya Mwenyekiti chini pamoja na vijana wawili na mitaimbo. Moyo ulinidunda hata nikadhani ni wao wameanza kazi.

Mama Fatuma akagonga. "Hodi!"

Kimya.

"Hodi, wenye nyumba!"

Mnajua desturi: hodi ni tatu, ya tatu isipoitikiwa mtu hujiendea zake. Mama Fatuma akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka kofia ile chini ikainuka.

"Sasa napiga ya tatu! Isipoitikiwa narudi Mirontsy, na Mirontsy nzima itajua leo kwamba Mutsamudu ina nyumba isiyojua kupokea mgeni!"

Ndani kitu kikaanguka. "Nani anataja Mirontsy mlangoni kwangu?"

"Mgeni!"

"Subiri! Komeo limevimba!"

Tukasikia mchi wa kinu ukipiga mti: mara moja, mara mbili, kwa hasira. Mlango ukafunguka na vumbi likatupofua. Mama Mdogo amesimama, amejipaka usoni msindano, ile liwa yetu ya urembo, na nyuma yake mikeka imetandikwa na visahani vya keki vimepangwa. Keki za namna ile hazipikwi kwa saa moja. Sikusema neno, na sikusema mpaka alipofariki.

Wakapita mmoja mmoja, akiwashika mikono. Mwisho akabaki mtu mmoja wikioni, amesimama kama mwizi.

"Na huyu naye ametoka Mahajanga?" akauliza Mama Mdogo.

"Mimi nashika mkia," akasema mama.

"Basi mkia uingie. Upepo unawapiga wageni."

Mama akavuka. Mimi nikakimbilia tundu, nikatoa mkono mzima. "Mwenyekiti! Umeona?"

"Nimeona!" akajibu. "Lakini kesho?"

"Kesho na kesho kutwa!" Ni Mama Mdogo aliyejibu, kichwa chake ubavuni mwangu. "Na wewe uvue kofia hiyo, mama yako mzaa chema alikushonea iliyokutosha!"

Mwenyekiti alicheka, Wallahi. Neno lake alilitimiza: mawe ya mudiria yalitoka mtoni, na nilimwona akiyabeba kichwani. Serikali ile ilipoanguka mwaka uliofuata, watu walimzomea mtaani. Mengine yaliyotendwa na kamati sikuyapenda na sitayatetea. Hilo la mawe nililiona, kwa hiyo nalisema.

Baadaye ofisi ikafunguliwa tena. Nimefanya kazi chini ya Mkuu wa Kanda aliyependa hotuba, na Mkurugenzi mmoja wa Moroni aliyeogopa ngazi. Nimepokea meli za matembezi, nimefundisha wasichana, na nikastaafu kwa mkono wa asante na kikombe cha chai. Wanaoniuliza kama nilifanya vyema kuliokoa wikio, siwajibu haraka. Huenda kuna msichana alilia tena kwenye tundu lile baada yangu. Ninachojua ni kuwa mji hauonyeshwi na mtu mmoja. Ikiwa mwenye nyumba hataki kufungua, maneno ya kiongozi yote ni upepo. Basi kabla ya kujifunza miaka na majina ya masultani, jifunzeni kupiga hodi.

Jioni ya Ijumaa ile, wageni walipokwisha kurudi Mirontsy, Mama Mdogo alileta kwa njia ya wikio chungu cha mataba, majani ya muhogo kwa tui. Mama naye alikuwa ameshapika mataba. Vyungu viwili vikawekwa mkekani pamoja na wali na samaki wa kukaanga, na wenyewe wakaketi mmoja kulia kwangu na mmoja kushoto, wakitazama mkono wangu. Nikachota tonge huku, nikachota tonge kule, sawa kwa sawa, mpaka vyungu vyote viwili vikabaki vitupu na mimi nisiweze kuinuka.