Paka Aliyepewa Jina kwa Hasira

Panya walitafuna kola kumi na moja za sare za shule kabla fundi hajakubali kufuga paka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ameshona kwa miaka thelathini katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuwa mtu wa kulisha kisichofanya kazi. Lakini kola kumi na moja, tena wiki ya kufungua shule, si mchezo. Muuza mayai aliyekuwa mteja wake akamletea paka ndani ya kapu: wa kijivu, mwembamba, mguu mmoja wa mbele mweupe kana kwamba amekanyaga chaki.

"Anaitwaje?" fundi akauliza.

"Anaitwa paka. Mimi nimeleta mwili tu, jina utampa wewe."

Kwa fundi hilo halikuwa jambo la kuachiwa kesho. Chumbani mwake hamkuwa na kitambaa kisicho na jina. Kila kilicholetwa kilibandikwa kikaratasi kwa pini: jina la mwenyewe, kiuno, bega, siku ya kuchukua. Aliyemfundisha kushona alikuwa akisema kwamba kitambaa kisicho na jina hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huishia kuwa tambara. Basi akamtandikia paka ndani ya boksi la nyuzi chini ya meza ya kukatia, akabandika ubavuni mwa boksi kikaratasi kitupu.

Mumewe, fundi bomba mwenye maneno machache, alimtazama yule paka mguu akasema, "Mwite Chaki."

Mama mkwe, ambaye miguu ilikuwa imemgomea tangu mwaka uliopita na siku zote alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, alikuwa amekwisha kumpakata. "Mwite Tulizo," akasema. "Akinilalia hapa magoti hayaniumi."

"Acheni nipime kwanza," fundi akajibu, "ndipo nikate."

Angekata siku hiyohiyo, angekuwa amejiepusha na mengi.

Asubuhi ya pili aliamka na sare ishirini za kumalizia. Uji wa mama mkwe ulibaki mezani mpaka ukaota ngozi juu, ndipo akampelekea hivyohivyo. Saa hiyohiyo wifi yake akapita. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa muuguzi anayeishi nyumba ya pili, ukuta mfupi tu kati yao, na kila alipotoka zamu alipita kumjulia hali mama yake. Alikuwa mtu aliyezoea kugusa kikombe kabla ya kuuliza. Aligusa, akaaga. Jioni akamwambia kaka yake langoni: "Mama anakunywa uji wa baridi."

Mezani mume akauliza, akitazama sahani yake, "Fundi, leo mama alikunywa uji saa ngapi?"

Fundi hakuhitaji kuambiwa swali hilo limetoka upande wa pili wa ukuta. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, na hapo ndipo lilipochoma, uongo angeucheka. Mtu akikutwa na kosa ana njia mbili: kulirekebisha, au kumtafutia kosa aliyeliona. Ya pili haina jasho. Alisimama, akaenda kwenye boksi la paka, akaandika kwenye kile kikaratasi kwa herufi kubwa: KIZABIZABINA.

"Hilo ni jina au ni adhabu?" mumewe akauliza. "Ukimaliza kuliita, paka amekwisha kulala."

"Linamfaa. Anakaa ukutani, anasikia ya huku, anapeleka kule."

"Paka hasemi."

"Ndiyo maana yeye nimemsamehe."

Mama mkwe alimpapasa paka kichwani. "Mimi sitamwita hivyo, mwanangu. Nimezaa binti mmoja tu. Najua jina hilo limekatwa kwa kipimo cha nani."

Fundi hakusikia la mtu. Kila mchana wifi alipotoka kuanika sare zake nyeupe, fundi naye alitoka na vichwa vya samaki, akasimama hatua mbili kutoka ukutani na kuita kwa kifua chote: "Kizabizabina! We Kizabizabina! Njoo ule, umezunguka vya kutosha!" Majirani walicheka. Muuza mayai akaja kushonesha pindo la gauni lisilohitaji pindo, ili asikie kwa masikio yake.

Wifi hakujibu. Angejibu, pengine ugomvi ungechoka wenyewe, maana ugomvi wa kujibizana huishiwa pumzi. Alibana nguo zake kamba nzima, akaingia ndani, na siku ya pili akitoka zamu akapita mlango wa mama yake kama anayepita duka lililofungwa. Dawa za mama akawa anampa kaka yake langoni.

"Zamu zake zimebadilika?" mama mkwe akauliza siku ya kwanza. Siku ya nne hakuuliza tena. Ila kila baada ya chakula cha mchana aliomba kiti chake kigeuzwe kielekee mlangoni, na jua likishuka aliomba kirudishwe dirishani. Mume alikuwa kazini saa hizo. Aliyekigeuza kwenda na kurudi, kwa mikono yake miwili, alikuwa fundi.

Kazi hiyo aliifanya kwa mwezi mzima. Siku moja, baada ya kukirudisha kiti dirishani, akakichana kile kikaratasi, akaandika kingine: CHAKI.

Lakini paka alikuwa amelishwa kwa jina lile mara tatu kwa siku. Fundi aliita Chaki, akaita tena ameshika samaki mkononi. Paka alimtazama kutoka ukutani kama mtu anayeulizwa habari za jirani asiyemfahamu. Siku ya tatu fundi alitupa macho kulia na kushoto, akanong'ona, "Kizabizabina," na mnyama akashuka mbio.

Njia ya kwenda kwa wifi ilikuwa hatua ishirini. Alikwenda mara moja. Alifika hadi kwenye kopo la maua mlangoni, akakumbuka kwamba ameacha pasi inawaka, akarudi. Pasi ilikuwa haijawashwa tangu jana yake.

Kisha wakaja watu wa mabomba, wakachimba mtaa mzima mitaro ya kupitishia maji. Asubuhi moja paka hakuonekana. Mume alikuwa safarini kikazi. Fundi naye alikuwa na mafua ya siku ya pili, sauti imekauka kabisa, amebakiwa na pumzi tu.

Mchana mama mkwe aliisukuma sahani. "Sili. Kwanza niliondokewa na binti, sasa hata paka. Nikae hapa nimpakate nani?"

Fundi akatoka na kanga begani, pini zingali kifuani. Aliinama mtaro baada ya mtaro akinong'ona lile jina refu, na pumzi yake haikufika hata upande wa pili.

"Mama, paza sauti," mchimbaji mmoja akamwambia. "Anaitwaje?"

Akamsogelea sikioni akamwambia. Mchimbaji akaita, wenzake wakaegemea majembe wakicheka. Hakuna kilichotoka. Paka hafuati sauti asiyoijua.

Saa hiyo wifi akawa anatoka zamu, mkoba begani. Alimwona fundi amepiga magoti kwenye udongo, akasikia wachimbaji wakilichezea lile jina, akaelewa. Muuza mayai aliweka kapu chini. Wifi naye akaweka mkoba wake chini, juu ya tofali ili usichafuke, akaweka mikono kiunoni.

"Kizabizabina," akaita. Sauti ya wodini, isiyo na hasira wala aibu. "Kizabizabina, njoo, mama. Njoo."

Bomba moja lililolazwa kando likakwaruza ndani. Ukatoka mguu, haukuwa mweupe tena, kisha paka mzima mwenye matope, akaenda moja kwa moja kujisugua kwenye soksi za wifi.

Fundi aliinuka. "Anakujua?" akanong'ona.

"Anakula kwangu kila mchana akimaliza kwako. Nilijaribu kumwita vingine, akakataa. Nikaona kama jina limenitosha mimi, na yeye limtoshe."

Fundi alikung'uta magoti kwa muda mrefu kuliko udongo uliokuwapo. "Uji ulikuwa wa baridi, wifi," akasema. "Tena ulikuwa umeota ngozi."

"Najua. Nilitia kidole."

"Ungeniambia mimi."

Wifi alifikiri. "Kweli. Hapo nilikosea. Ningekuambia wewe." Akamwokota paka bila kujali sare yake. "Mama yuko macho?"

"Nimemgeuza mlangoni."

Wifi akatangulia, fundi akambebea mkoba.

Paka hakubadilishwa jina. Hakukuwa na njia. Wifi humwita hivyo mpaka leo, juu ya ukuta, kila mchana anapoanika nguo, kwa sauti inayofika kona ya mtaa, na majirani hawacheki tena kwa kuwa wamezoea. Fundi hamwiti. Akimtaka paka huacha cherehani, pini mdomoni, akatoka kumtafuta mwenyewe, akapanda juu ya kigoda na kumbeba kutoka ukutani kwa mikono. Mteja akimwuliza kwa nini asimwite tu, huonyesha zile pini mdomoni, kwamba hawezi kusema.