Siku Kamera Yangu Ilipomkimbiza Mkwe

Najua mmeshasikia. Hapa Ijumbi hakuna asiyejua, mpaka wauza dagaa wanaopita na baiskeli wameshaambiwa, na kila anayesimulia anaongeza lake (kuna anayesema nilimrukia mkwe mgongoni, huyo mwongo, nilimjia kwa mbele), kwa hiyo afadhali mwenye aibu yake aisimulie mwenyewe, maana mimi nilikuwepo pale na wengi wao walikuwa wameinamia sahani.

Chanzo ni Ma Koku. Ma Koku na mimi tuliolewa na ndugu wawili, kibanja chake cha migomba na changu vimepakana, na tangu tukiwa mabibi harusi yeye akipika ndizi kwa nyama basi mimi napika kwa nyama na maharage juu. Waume zetu wamekufa, wivu umebaki. Mwaka jana alimfanyia mjukuu wake sherehe ya kumuaga kabla ya kuolewa, akakodi mpiga picha kutoka Bukoba mwenye kamera nyeusi kubwa kama kichwa cha mbuzi, na picha zilipokuja akazipanga kwenye kitabu kinene, akawa anatuita mmoja mmoja kuangalia. Nikakiangalia kitabu chote. Mimi, niliyemenya ndizi za sherehe ile tangu alfajiri mpaka vidole vikawa vyeusi, nimetokea bega. Bega tu na ncha ya kitambaa!

"Ma Priska, si wewe huyu hapa?" ananionyesha kwa kidole.

Nikamwambia ndiyo, bega langu nalijua, nikarudi nyumbani nikalala bila kula.

Sasa mwaka huu ikawa zamu ya Asimwe wangu. Asimwe ni mtoto wa binti yangu, mama yake alifariki mtoto hata meno hajaota, nikamlea mimi, nikamsomesha kwa kahawa, leo ni mwalimu huko Kahororo na akipita watu wanamwamkia. Mama yake hakuacha picha hata moja. Ndiyo sababu alipopata mchumba hakuniomba vyombo wala godoro, aliniomba kitu kimoja: "Bibi, hata chakula kikiwa kidogo, picha ziwepo. Nataka wanangu waje watuone tulivyokuwa siku hiyo." Nikamwambia asikodi mtu, picha nitapiga mwenyewe, kwa kamera yangu mwenyewe, na sitamkata mtu bega. Akasema, "Sawa Bibi, nakuamini."

Nikauza kahawa, nikaenda Bukoba mjini kwenye duka la vitu vya umeme la Bwana Sudi, Mwislamu mmoja mstaarabu asiyemdharau mtu kwa sababu ya viatu. Akaniamkia, akanipa kigoda, akasikiliza habari ya sherehe yetu, akaweka kamera mbili juu ya kabati la kioo. Moja kubwa, nyeusi, ile ile ya kichwa cha mbuzi. Nyingine ndogo, inaingia kwenye mfuko wa gauni.

"Mama, hii kubwa picha zake safi sana, hata kwenye nyumba yenye giza giza inajitahidi, na lenzi yake inatoka, ukijaliwa baadaye unanunua nyingine ndefu unaipachika. Ila lenzi iliyokuja nayo ni fupi. Hii ndogo lenzi haitoki, na giza linaisumbua, lakini kwa kuvuta ni balaa. Unakaa hapa mlangoni unampiga mtu aliye kule ng'ambo ya barabara, unahesabu vifungo vya shati lake. Sasa niambie, siku hiyo utakuwa umekaa wapi?"

Mnaona mtu mwenye akili anavyouliza? Nikamwambia ukweli, kwamba nitakaa kiti cha mama wa binti, nyuma kabisa karibu na mlango, mbali na mkwe. Maana kwetu sisi wa zamani mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani, hawashikani mikono, hawatazamani usoni, akipita huku wewe unapita kule (siku hizi nawaona wanakumbatiana na wakwe zao kama wameokotana vitani, hayo ni yao). Mugisha, mchumba wa Asimwe, alipokuja nyumbani mara ya kwanza mimi niliingia migombani nikasimama humo na mvua inanyesha mpaka alipomaliza soda yake.

"Basi mama, mchana kweupe, na uko mbali, chukua ndogo," akasema Bwana Sudi.

Nikampigia Asimwe simu, naye akasema, "Bibi, chukua hiyo ndogo, inavuta." Watu wawili wenye shule zao wameniambia neno moja, na pesa nimeshaifungua kwenye fundo la kanga. Lakini nikasema ngoja nizivae kwanza shingoni mbele ya kioo. Ndogo ikaning'inia kama kopo la ugoro. Kubwa, jamani, kubwa ilikaa kifuani nikajiona kama mgeni rasmi. Nikaona jinsi Ma Koku atakavyoniona.

"Nipe hii."

"Mama, hiyo haivuti. Ukitaka mtu awe karibu itabidi utembee wewe."

"Miguu ninayo."

Jumapili nikaivaa kanisani, hata chaji haina. Wakati wa sala Ma Koku aliitazama kwa jicho moja, nilimwona kwa sababu na mimi nilikuwa sijafumba. Basi wiki haijaisha akapanda kwenda Bukoba, akaingia duka lile lile, akauliza, "Ile aliyoiacha mwenzangu bado ipo?" (Bwana Sudi mwenyewe aliniambia baadaye, na hakuona aibu.) Nilipoiona mkononi mwake nilicheka mpaka nikakohoa.

"Ma Koku, hicho umewanunulia watoto wachezee?"

"Ni kidogo kama mimi," akasema, na kweli ni mfupi, "tutaona."

Siku ikafika. Turubai limefungwa uani, ndizi ziko kwenye masufuria makubwa pembeni, upande wa bwana harusi wametoka Bakoba, kule kule mjini, na rubisi yao, pombe ya ndizi, na kuku wao. Mugisha wamemkalisha mbele kabisa, mwisho wa uwanja, kijana mrefu mwenye adabu, macho chini. Mimi niko nyuma kwenye kiti changu, kitambaa kipya kichwani, kamera kifuani, kila anayepita ananiambia "Mawe, mama yangu, Ma Priska, umekuwa mwandishi wa habari!" na mimi najibu kwa kichwa tu, kama watu wakubwa wanavyofanya.

Asimwe akatolewa ndani akaenda kupiga magoti mbele ya wazee. Nikainua kamera, nikaweka jicho kwenye kile kidirisha chake, nikaona watu wote wadogo kama senene waliotua kwenye nyasi. Nikapiga. Nikaangalia kioo cha nyuma kuona nimepata nini: turubai lote lipo, viti vyote vipo, mbwa wa jirani yupo, na mjukuu wangu ni kitu cheupe ukubwa wa punje ya mchele.

Pembeni yangu, viti vitatu hivi, Ma Koku akabonyeza kopo lake. Likatoa pua, zzzzz, likatoa na pua nyingine ndani ya ile. Hakuinuka hata kidogo.

"Jamani oneni! Bwana harusi amejikata alipokuwa ananyoa, hapa chini ya kidevu."

Wanawake wakamwinamia kama kuku walioona mchwa.

"Na chozi la Asimwe hili hapa. Oneni linavyong'aa!"

Chozi la mjukuu wangu! Mimi niliyelifuta hilo chozi miaka yote sijaliona, analiona Ma Koku, tena amekaa kitako. Kitu kikanipanda, na sitawadanganya kwamba kilikuwa uchungu wa kuagana na mtoto. Ulikuwa wivu, nimekaa nao miaka mingi, ladha yake naijua.

Nikainuka. Nilijiambia ni hatua tatu tu. Nikapiga tatu, jicho bado kwenye kidirisha, naona mkwe yuko kule kule. Nikaongeza nne, yuko kule kule. (Bwana Sudi alinieleza baadaye kwamba lenzi fupi inasukuma vitu mbali, ukitazama humo mtu aliye mbele ya pua yako unadhani yuko ng'ambo ya bonde, na hilo alipaswa kuniambia dukani, ingawa nadhani aliniambia.) Basi mimi natembea, na Mugisha naye, masikini, akainua macho akamwona mama mkwe anamjia mzima mzima. Kijana mwenye adabu afanye nini? Akainuka akarudi nyuma, kichwa ameinamisha. Mimi kwenye kidirisha namwona anazidi kuwa mdogo, nikaongeza mwendo. Akaenda kushoto, nikageuka kushoto. Akazunguka meza ya keki, nikazunguka meza ya keki.

Yule MC, ambaye tulimlisha vizuri tu, akashika kipaza sauti: "Ndugu wageni, hili halimo kwenye ratiba! Mama anamfukuza mkwe! Mkwe wetu, waitu, angalia nyuma yako, masufuria hayo!"

Sikuyasikia maneno, nilisikia kelele tu, wanawake wanapiga vigelegele, wanaume wanapiga meza, nikadhani wanaishangilia kamera. Nikanyoosha mgongo.

Hapo ndipo mguu wangu ulipouona waya wa spika kabla yangu. Waya ukachomoka, muziki ukakatika, kipaza sauti kikafa, uwanja wote ukawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, na ndani ya kimya hicho sauti yangu ikabaki peke yake: "Wewe kijana usinikimbie, simama hapo hapo!"

Halafu nikaanguka. Mugisha alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua, aniache niingie kwenye sufuria la ndizi au anidake. Akanidaka. Kwa mikono yote miwili, kifuani, mbele ya ukoo wake na ukoo wangu. Kitambaa kikaenda zake, mvi zangu zote nje, pua yangu ndani ya tai yake, na kidole changu (hiki hiki) bado kimebonyeza kitufe, kamera inalia ka-ka-ka-ka-ka kama mashine ya kukoboa.

Mzee mmoja wa upande wao akasimama akasema lazima nitoe kuku wa kumsafisha kijana mikono. Sijui ni mila ya wapi, nadhani aliitunga pale pale na rubisi yake mkononi, lakini nikatoa kuku. Asimwe alikuwa ameshakuja mbio na kitambaa changu anacheka mpaka machozi, nikasema moyoni, haya, angalau mtoto amecheka.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaondoka, akakaa mlangoni na kamera yangu kuangalia picha. Tai. Tai. Sikio. Turubai. Sufuria. Tai tena. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akaenda mwisho tena.

"Bibi, mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha ile punje ya mchele. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, mdomo ninao. Aliizima tu kamera taratibu, akasema, "Haya, Bibi," akaenda kufunga mizigo yake. Jana yake nilikuwa nimechekwa tu. Aibu yenyewe ilinikuta pale mlangoni.

Nikavuka mpaka kwenda kwa Ma Koku. Alikuwa anaanika kahawa, na hakuacha.

"Karibu Ma Priska. Leo umekuja bila kamera?"

"Nimekuja kuomba picha."

"Sijasikia."

Alisikia. "Nimekuja kuomba picha za Asimwe. Nakuomba, Ma Koku."

Akajifuta mikono, akaleta kopo lake, tukakaa kibarazani akanionyesha moja moja. Asimwe akipiga magoti. Asimwe na lile chozi. Mikono ya Asimwe kwenye mikono ya wazee. Kila picha ilikuwa nzuri, na kila picha nzuri iliniuma. Halafu ikaja ile: mimi kifuani kwa mkwe, mdomo wazi, mvi zimesimama, na Asimwe ameshika kitambaa changu, kichwa amekirusha nyuma kwa kicheko. Nimetokea mzima, mpaka viatu.

"Nitakupa zote," akasema Ma Koku, "ila kwanza sema ipi ni kamera nzuri."

"Zote nzuri, inategemea mtu amekaa wapi..."

"Ma Priska."

"Ndogo."

"Ndogo ya nani?"

"Ndogo yako," nikasema, kama mtoto anayemezeshwa kwinini, na yeye akacheka akanimiminia kahawa, nikainywa.

Asimwe aliondoka na picha zote, na kati ya zote hizo, ile aliyoitengenezea fremu ni ya mimi na mkwe. Kamera kubwa nimempa yeye, anawapigia wanafunzi wake picha na wazazi wanazisifu, maana anaijua na haogopi kusogea. Mugisha akija siku hizi bado naingia migombani, lakini nasikia anavyocheka huko aliko.

Na mimi nimeapa: sherehe ya mjukuu wangu yeyote, nitakaa kwenye kiti changu mikono mapajani mpaka niitwe kula, atakayepiga apige, atakayenikata bega anikate. Wivu sijauacha, nisiwadanganye, juzi tu Ma Koku amepaka nyumba rangi ya bluu na usingizi umenipaa. Ila sasa nauonea hapo hapo nilipokaa.