Msahihishaji na Neno Lililokatwa

Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kusahihisha ripoti za taasisi moja ya utafiti wa sera za nje na usalama: nukta, mkato, herufi kubwa. Ripoti zilipelekwa wizarani na bungeni, naye hakujua kama kuna anayezisoma. Mumewe alizoea kumtania, "Mke wangu anaendesha nchi kwa nukta."

Jumatatu moja aliletewa ripoti kuhusu mpaka. Mtafiti alikuwa ameandika, "Huenda nchi jirani inajiandaa kushambulia." Mkurugenzi alikuwa amelikata neno "huenda". Msahihishaji akarekebisha nukta zake, akairudisha.

Alhamisi asubuhi, akipiga pasi, alimsikia waziri wa ulinzi redioni akiisema sentensi ile ile, bila "huenda", neno kwa neno, kisha akitangaza kwamba wanajeshi wangeongezwa mpakani na kusogezwa mbele. Pasi ikaunguza kola ya shati. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa kwenye kikosi cha huko.

Kazini alimfuata mtafiti ofisini kwake, akafunga mlango.

"Kaka, ulihoji watu wangapi?"

Mtafiti alitazama dirishani. "Wawili. Madereva wa malori. Mmoja hakuona kitu, alisikia tu."

"Mkurugenzi anajua?"

"Anajua. Alisema waziri hana muda na neno 'huenda'. Dada, mimi nina watoto."

"Na mimi nina shemeji kule."

Nakala za ripoti hiyo za kupelekwa kwa kamati ya bunge zilikuwa bado hazijapigwa chapa. Alimwekea mezani ukurasa wenye sentensi ile. Mtafiti alilirudisha neno lake, akaandika idadi ya mashahidi, akatia sahihi. Msahihishaji naye akatia yake. Akashuka ngazi, akaupeleka ukurasa kwa mpiga chapa.

Siku nne hakula vizuri. Simu ya mezani ikilia, anasita kuipokea. Gari likisimama nje, anachungulia. Mumewe alipouliza, alijibu ni kichwa tu.

Siku ya tano mwenyekiti wa kamati alimbana waziri hadharani: mashahidi wawili tu? Mpango ukasitishwa. Mchana mkurugenzi akamwita msahihishaji.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Kazi yangu ni kusahihisha."

Hakumfukuza. Alimhamishia stoo ya majarida. Mtafiti aliacha kazi mwezi huohuo.

Shemeji alipokuja likizo alilala siku mbili mfululizo, hajui lolote. Msahihishaji alisimama mlangoni akimtazama anavyopumua, akiwaza siku shemeji atakayorudi kule mpakani.