Kinyozi Anayejifunza Kutopuliza

Saa mbili asubuhi, kinyozi wanayemwita Miwani ameketi kwenye benchi la wateja ndani ya kibanda chake mwenyewe, kidevu juu, mdomo wazi kama kifaranga. Mkewe anavuta kope la jicho la kushoto, anadondosha tone la dawa.

"Usikaze uso."

"Sijakaza."

"Basi huo nani kaukunja, mimi?"

Nyuma ya kiti cha kunyolea, mashine iko mkononi mwa dada yake mdogo. Miwani haruhusiwi kuigusa.

Jina hilo alipewa kwa vioo alivyovaa tangu utotoni. Akiinama kuchonga kipara cha mtu, jasho lilikuwa likivitelezesha.

"Mtu kaja kunyolewa, kashtukia kavaa miwani yangu," anasema.

Akadunduliza pesa, akafanyiwa upasuaji wa leza machoni. Leza ilichonga konea, yaani kile kioo hai cha mbele ya jicho, baada ya ngozi yake ya juu kuondolewa. Ngozi hiyo huota upya yenyewe, chini ya lenzi laini iliyowekwa kama plasta. Mgonjwa atie matone, avae miwani ya kinga, akae mbali na vumbi, asifikiche.

"Kidonda hiki kinajifunga chenyewe," muuguzi alimwambia. "Kazi yako ni kukiacha."

Kukiacha ndiko kulikomshinda. Mteja wake wa siku nyingi, fundi bomba, alilalamika: "Huyu dada yako ananinyoa au ananipalilia?"

Miwani akainuka. Akasukuma miwani ya kinga juu ya paji, akachukua mashine amalizie ukingo tu. Alipomaliza akafanya alichofanya maisha yake yote ya kazi: akaileta mashine mdomoni, akapuliza nywele kwenye meno yake ya chuma. Nywele zikamrudia usoni.

Jicho la kushoto likawaka. Ngumi ikapanda kufikicha. Dada akaidaka njiani.

"Alinishika kama mwizi wa kuku," Miwani anasema. "Mpaka kliniki hakuniachia."

Daktari aliosha jicho, akakuta mkwaruzo kwenye ngozi changa, akaweka lenzi nyingine. Kupona kukaanza upya. Likibaki kovu katikati, alionya, jicho hilo litaona ukungu, na kinyozi mwenye ukungu atachonga masikio.

Juzi lenzi ilitolewa. Ngozi imefunga. Ukungu upo, na matone yanaendelea.

Kila asubuhi Miwani huziba jicho la kulia na kusoma tangazo la ukutani kwake: TULIA TUSIKUKATE. Leo analisoma bila kusita.

"Uliliandika mwenyewe," dada anamwambia. "Hata kipofu angelisoma."

Fundi bomba, aliye kitini leo, anacheka hadi mashine inasimamishwa.

Miwani ana mpango. Daktari akimruhusu, ataweka kiti cha pili, dada abaki. "Kapalilia hadi kajua," anasema, na fundi bomba habishi.

"Basi soma hapa," dada anasema, akielekeza pembe ya kioo alipoandika kwa chaki, herufi ndogo, kabla kaka hajafika.

Miwani anaziba jicho la kulia. Anasogeza shingo mbele. Mkewe ameshika kichupa cha dawa.

"Brashi," anasoma. Anakodoa jicho. "Si... mdomo."

Anashusha mkono.

"Haya," anasema. "Iko wapi hiyo brashi?"