Mlango wa Mninga

Scolastica hakuwa mtu wa kusimuliwa habari zake. Alikuwa mjane wa Ifakara, basi, mwanamke aliyekaanga vitumbua mbele ya nyumba yake karibu na soko. Malori ya Kilosa yalipofika asubuhi, madereva na utingo walikimbilia kwake kabla hata turubai halijafunguliwa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, imeinama kidogo kama mtu mwenye kiuno kibovu. Lakini mlango wake, acheni tu. Ulikuwa wa mninga mtupu. Mumewe marehemu, Dionisi, fundi wa mitumbwi, ndiye aliyeuchonga mwaka aliomwoa, na hakuna duka katika mji mzima lililokuwa na mlango wa kuushinda.

Anayelijua bonde letu anajua kwamba watu wake wana makao mawili. Mvua zikianza, mji unahama. Watu wanavuka mto Kilombero, wanaingia kwenye mashamba ya mpunga, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, mpaka mavuno yaishe. Na anayehama anang'oa mlango wake, anaubeba. Ng'ambo kuna simba. Mjini kuna nini cha kulinda, kuta? Nyumba zilibaki wazi miezi mitano, sita, majani yakaota mpaka kizingitini, na hakuna aliyeona ajabu. Ukirudi unafagia, unaurudisha mlango mahali pake, unawasha moto. Ndivyo walivyofanya mababu.

Mwaka wa hamsini na nne ikaja habari ya mpango wa mji. Ifakara itapimwa, watu wakaambiwa barazani. Sehemu ya sokoni itakuwa ya nyumba za matofali na mabati tu, nyasi hazitakiwi tena. Mwenye nyumba ya kukaa atapewa kiwanja palepale alipo, na muda wa kujenga. Asiye na nyumba atakwenda Katindiuka, huko mashambani. Wengine walinung'unika. Scolastica hakunung'unika. Alianza kufyatua matofali nyuma ya nyumba yake, jioni baada ya kuosha vikaango, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko.

"Kitumbua bila soko ni unga tu," aliwaambia majirani. "Mimi hapa siondoki."

Alikuwa na sababu ya kutuliza moyo. Shemeji yake Fulgensi, mdogo wake Dionisi, alikuwa tarishi wa ofisi ya Serikali. Scolastica, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alikuwa amemlea Fulgensi huyo tangu akiwa kijana. Alimpikia, alimfulia, na alipooa ndiye aliyempokea bibi harusi. Sasa mtu ana damu yake ndani ya ofisi, ahangaike na nini?

Mvua zikaja, mji ukahama. Scolastica akaunyanyua mlango wake, akaulaza ndani ya mtumbwi, akavuka. Siku chache baadaye akafika Aurelia, mke wa Fulgensi, na watoto wake na vyungu vyake. Dungu lake lilikuwa jirani. Mlango hakuja nao.

"Mlango uko wapi, mdogo wangu?" Scolastica akauliza.

"Kaukatalia, dada. Anasema mwaka huu analala nyumbani, na mtu wa Serikali hawezi kulala nyumba wazi."

"Ameanza lini kulala nyumbani? Si kila mwaka hulala kwa matarishi wenzake?"

"Hata mimi nimeshangaa," Aurelia akasema, akatundika mkeka mahali pa mlango.

Mkeka haumzuii simba. Mwaka ule walikuwa wengi, walikuja mpaka kwenye mabua, na dungu la jirani mmoja walilipandia wakamchukua mbwa. Kuanzia hapo jua likizama Aurelia alikuwa akiwapandisha watoto wake kwa mama yao mkubwa. Scolastica aliwalaza mstari mmoja, akausukuma mlango wa mninga, akaweka komeo, na yeye mwenyewe akalala ameuegemea kwa mgongo. Msimu mzima watoto wa Fulgensi walilala nyuma ya mlango ule. Hakuwahi kulisema kama jambo. Watoto ni watoto.

Waliporudi na mpunga wao, Scolastica alikuta nyumba yake ipo, na rundo la matofali lipo, limeota ukoka. Akaurudisha mlango, akashika ufagio. Ndipo alipoona duka la jirani yake Sadallah lina alama kubwa nyeupe ya chokaa mlangoni. Sadallah alikuwa mfanyabiashara, halimi, hahami. Scolastica akamuuliza hiyo ni kitu gani.

Sadallah akasita, akajifanya kupanga mabunda ya khanga. "Mama Scola, hukuambiwa? Yule Mzungu wa upimaji alipita mwezi wa tatu. Nyumba yenye mlango alipaka alama mlangoni, hiyo ina mwenyewe, ina kiwanja. Isiyo na mlango alisema ni mahame."

"Na watu wote walio shamba?"

"Mahame."

"Hakuna aliyemwambia? Hamkuwa na mdomo?"

"Mimi nilijaribu, sikusikilizwa. Wakasema mwenye duka ana lake. Lakini aliyebeba ndoo ya chokaa alikuwa shemeji yako."

Scolastica hakumaliza kufagia. Alikwenda moja kwa moja kwa Fulgensi, na alama ile nyeupe aliiona akiwa bado barabarani, imepakwa katikati ya mlango uliobaki mjini. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nao hawakusema kwa mchezo.

Fulgensi alikuwa amekaa kwenye kigoda, na kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi. Alipomwona akasimama. "Shikamoo, shemeji."

Scolastica hakuitikia. Kwa watu wa kwetu hilo ni tusi kuliko matusi.

"Ulijua kabla hatujavuka," akasema.

"Nilijua."

"Na ulipopita pangu na ndoo yako, Mzungu akasema mahame, wewe ulisema nini?"

"Sikuulizwa, shemeji." Akaangalia chini. "Ningekwambia wewe, ungewaambia wote. Ifakara nzima ingeacha milango, na Mzungu angeuliza maneno yametoka kwa nani. Ningefukuzwa. Nina watoto."

"Najua una watoto," Scolastica akasema. "Nimelala nao."

Aurelia alikuwa ndani, alisikia yote. Tangu siku hiyo alimpikia mumewe, alimfulia, lakini hakucheka naye tena wala kumtania, na wanaume wanaojua nyumba wanajua hiyo ni adhabu gani.

Nyumba ya Scolastica ilibomolewa pamoja na nyingine nyingi. Alikwenda kulalamika ofisini mara kadhaa. Aliambiwa mahame hayalalamiki. Alihamia Katindiuka na mlango wake. Vitumbua alivikaanga alfajiri, akavibeba kichwani mpaka sokoni, vikafika baridi, na utingo ni watu wa vitumbua vya moto. Biashara ikafa polepole, na mama yule akaanza kukonda. Matofali yake walijijengea wengine. Na kiwanja chake, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hakuna aliyekijenga. Serikali ilikosa fedha, au ilisahau, sijui. Waliandika mahame na kweli pakawa mahame, mbuzi wa Sadallah wakawa wanakula majani pale ambapo palikuwa na jiko la Scolastica.

Alifariki mwaka wa hamsini na nane, kwa homa, mwisho wa mavuno. Aurelia ndiye aliyemuuguza. Watu walipoanza kuulizana habari ya mbao za sanduku, Aurelia akawaambia marehemu ameacha neno: asitafutiwe sanduku, alazwe juu ya mlango wake, azikwe nao. Padri aliulizwa, akasema haoni dhambi. Basi wakaunyanyua mlango, nao ukatoka kirahisi kama ulivyozoea.

Fulgensi alikuja. Asingekuja angefanyaje, ni shemeji. Alishika pembe ya mbele, na mninga ni mti mzito. Njiani kuelekea makaburini mkono ukaanza kumteleza, mlango ukainama upande wake, akageuka kutafuta mtu wa kumpokea.

Hakuna aliyesogea. Aurelia, aliyekuwa akitembea nyuma ya maiti na watoto wake, akasema bila kupaza sauti:

"Shika mwenyewe. Wanao walilala nyuma yake."

Akashika mpaka kaburini.